Ile picha si ya 1913, na yale si matambara

Mhariri,

Jumapili iliyopita mlichapa makala kuhusu usiku ule wa Paris ambapo watazamaji waliizomea baleti ya Igor Stravinsky, mtunzi wa muziki wa Kirusi, iitwayo Le Sacre du Printemps (yaani Ibada ya Majira ya Kuchipua). Nimeisoma mara mbili na nimeipenda. Ila mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 31 sasa, na kuna mambo mawili ambayo fundi hawezi kuyaacha yapite.

La kwanza ni picha. Mmeandika chini yake kwamba hao ni wachezaji wa onyesho la kwanza, 1913. Mhariri, picha ina rangi! Nyekundu inawaka, njano inawaka, hata mishono inahesabika. Hao ni wachezaji wa baleti iliyofufuliwa baadaye, baada ya hatua zake kupotea. Kazi ya kuifufua ilifanywa na watafiti wawili, Millicent Hodson na Kenneth Archer, na kundi la Kimarekani la Joffrey Ballet likaionyesha Los Angeles mwaka 1987. Picha ya mwaka 1913 ipo, ya rangi nyeusi na nyeupe, wasichana wamesimama kwa mstari wamevaa magauni yao, vichwa wameviinamisha upande. Ndiyo mngeitumia.

La pili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mwandishi wenu ameyaita mavazi yale "matambara ya sufu", kisha akaendelea na muziki, kana kwamba watu walizomea kwa masikio peke yake.

Tarehe 29 Mei 1913, katika ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées, Le Sacre haikuwa ya kwanza kwenye ratiba. Ya kwanza ilikuwa baleti nyingine, Les Sylphides. Huko wanawake wamevaa sketi ndefu nyeupe za neti nyepesi, kama shela ya bibi harusi, kiuno kimebanwa, mguu unanyooka hadi kwenye ncha ya kidole, mtu anacheza kama hana uzito. Watu wakapiga makofi, wakapumzika, wakarudi vitini. Pazia likafunguka tena, na mbele yao kundi la wasichana wenye nywele za kusuka, wamevaa magauni ya sufu yaliyoshuka wima toka begani, bila kiuno, magoti yamekunjwa, vidole vya miguu vimetazamana, wanarukaruka kwa kishindo. Stravinsky mwenyewe alikuja kusimulia kwamba minong'ono ilianza tangu muziki wa mwanzo, lakini tufani hasa ilipiga pazia lilipofunguka. Yaani walipoona. Inasimuliwa pia kwamba wachezaji walipoweka mkono shavuni, mtu wa juu ghorofani alipaza sauti kuita daktari wa meno. Huyo naye hakuwa akisikiliza muziki, alikuwa akitazama. (Na kule kusema onyesho lilivunjika si kweli. Pierre Monteux aliongoza okestra hadi mwisho, huku Vaslav Nijinsky, aliyeitunga ngoma, amesimama juu ya kiti pembeni mwa jukwaa akiwapigia wachezaji hesabu kwa sauti.)

Sasa turudi kwenye nguo zenyewe. Aliyezibuni ni Nicholas Roerich, Mrusi, mchoraji aliyekuwa pia akifukua makaburi ya kale. Mwaka 1911 yeye na Stravinsky walikutana Talashkino, karibu na Smolensk, kwa Prinsesa Maria Tenisheva, ambaye alikuwa amekusanya nguo na tarizi za wanavijiji wa Urusi. Hapo ndipo walipopanga kisa cha ngoma: kabila la kale linalomtoa msichana sadaka ili ardhi ichipue. Kwa hiyo Roerich hakuokota tambara. Alianzia kwenye nguo ambazo wanawake wa vijijini walizivaa kweli.

Nimeziangalia kwenye tovuti ya jumba la makumbusho la Victoria and Albert, yaani V&A la London, ambako nyingi zimehifadhiwa. Picha zinakuzwa hadi uone uzi. Kwa jicho la fundi, gauni la msichana linakaribiana na kanzu: badani inashuka moja kwa moja, mikono mirefu, mapambo yamewekwa kwa mistari kwenye pindo na kifuani. Mtu wa mbali atadhani yametariziwa. Hayakutariziwa, ni rangi iliyopigwa juu ya kitambaa kwa stensili: duara, msumari, pembe, mstari wa kwenda na kurudi. Walimu wa zamani waliopigia mitihani stensili wataelewa kwa nini mchoro mmoja unaweza kurudiwa mara mia bila kuchoka, na kwa nini mahali pengine rangi imevuja kidogo ukingoni. Kutarizi kundi zima la wachezaji kungekula miezi, na toka kiti cha nyuma hakuna ambaye angeona tofauti.

Uzito je? Nimeshawahi kushona makoti ya sufu ya bendi ya shule. Mvae mtu koti lile, mwambie aruke. Hatapaa, atashuka kwa kishindo, jasho litamtoka kabla ya ubeti wa pili. Nijinsky alitaka hasa hicho, ngoma inayokanyaga ardhi badala ya kuikimbia. Nguo ya neti ingemsaliti. Na kwa kuwa gauni linaficha kiuno na paja, jicho halina pa kukimbilia isipokuwa miguu, mikono na ile michoro. Hodson alipokuwa akitafuta hatua za ngoma iliyopotea aliona kwamba maduara na mistari ya kwenye nguo yanafanana na maduara na mistari ambayo wachezaji walitembea jukwaani. Mavazi, basi, yalikuwa shahidi. Bila hayo, picha mliyoichapa isingekuwepo.

Na yalinusurika kwa bahati. Mwaka 1913 ngoma yenyewe, Paris na London kwa pamoja, haikuzidi maonyesho kumi. Ngoma iliyopendwa huchakaza nguo zake, iliyozomewa huziacha nzima. Mwaka 1920 mtunzi mwingine wa ngoma, Léonide Massine, alitunga hatua mpya kwa muziki uleule, na nguo zilezile za Roerich zikatolewa masandukuni. Sergei Diaghilev, mwenye kundi la Ballets Russes lililoicheza Le Sacre, akafa Venice Agosti 1929, ana madeni, na mali ya jukwaani ikabaki ghalani. Baadaye ikaingia mikononi mwa Kanali de Basil, mwenye kundi jingine la baleti, naye akafa 1951. Masanduku yakalala Paris tena, hadi kampuni ya mnada ya Sotheby's ilipoanza kuyauza London. Mnada wa Julai 1968 ulifanyika kwenye ukumbi wa maonyesho, wanafunzi wa shule ya baleti wakazivaa nguo mbele ya wanunuzi. Nafikiria mtoto wa miaka 16 akipenyeza mkono kwenye sufu ambayo mtu alitokwa jasho ndani yake siku ile ya makelele! Mavazi mengine mengi ya kundi la Diaghilev yalinunuliwa na jumba la sanaa la Canberra, Australia.

Leo wahifadhi hawayafui. Doa la jasho kwapani, rangi ya uso iliyobaki kwenye ukosi, kiraka kilichowekwa usiku wa safari, vyote huachwa, kwa sababu vinaonyesha nani alivaa na alijitikisa vipi. Ndani ya mavazi mengi ya kundi lile kuna majina ya wachezaji kwa wino, maana katika chumba cha kubadilishia nguo magauni yote hufanana.

Hilo la majina limenigusa kwa sababu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma niliwashonea watu wa kikundi kimoja cha ngoma, jina nalihifadhi, mavazi jozi 24: sketi za marinda, vizibao, na vibwebwe vya kitambaa kizito chenye bitana. Yalichezewa miaka tisa. Uongozi mpya ulipoingia ulitaka nguo mpya, sawa, lakini za zamani zilikatwakatwa zikawa madekio ya kufutia sakafu ya ukumbi. Nilifika siku hiyo kuchukua vipimo. Niliokoa kibwebwe kimoja kutoka kwenye ndoo. Bado kina chumvi ya jasho, na kwenye bitana kuna jina la binti mmoja kwa kalamu ya bik. Sijakifua.

Naomba mrekebishe maelezo ya picha katika toleo lijalo. Na mwandishi wenu akitaka kushika sufu nzito kabla ya kuiita tambara, koti moja la bendi bado lipo hapa dukani.

Mama Fundi,
Ngamiani, Tanga