Rubani anatafuta shamba la kahawa, anaona mabati

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliyehamia Arusha kurusha ndege ndogo za watalii alinikuta nakunywa chai Kisongo, jirani na kiwanja cha ndege. "Shikamoo, Kapteni," akasema, akavuta kiti, akakunjua karatasi. Ilikuwa ramani ya kukaribia kiwanja kwa macho, nakala iliyotolewa kwenye nakala nyingine, imefifia hadi namba za vimo hazisomeki, na pembeni ina duara la kikombe. Mtu alikuwa ameongeza kwa wino: "Shamba la kahawa, anza kugeuka hapa." Kijana akaniuliza, "Hilo shamba liko wapi? Nimezunguka mara mbili, naona mabati tu."

Nikacheka, halafu nikanyamaza. Mwandiko ule ulikuwa wangu.

Niliandika maneno yale nikiwa bado narusha ndege kwenda Seronera, kule Serengeti, na kurudi, nikampa kijana wa wakati ule ambaye naye, inaonekana, alimpa mwenzake. Wakati huo kahawa ilikuwepo, kijani mwaka mzima, huwezi kuikosa. Sasa mji umeteremka mpaka huku. Mashamba yamekatwa viwanja, nyumba zimesogea hadi Mateves, na barabara ya mchepuo ya kilomita 42 imepita mahali ambapo mimi nilizoea kuona njia ya ng'ombe.

Kwa msomaji asiyeruka: rubani wa ndege ndogo anayekuja kwa macho hutafuta vitu vya ardhini, avilinganishe na ramani, ndipo ajue ageukie wapi na awe kimo gani. Ramani hiyo humwonyesha milima, minara, upande wa kuzungukia kiwanja na mahali pa kuripoti kwa mwongoza ndege. Kisongo kiko juu, zaidi ya futi 4,500 kutoka usawa wa bahari. Kaskazini mashariki umesimama Meru wenye zaidi ya mita 4,500, kaskazini magharibi iko milima ya Monduli. Mwezi wa saba asubuhi mawingu hulala chini kama blanketi, na kiangazi vimbunga vya vumbi hutembea uwandani vikiwa virefu kuliko mnara wowote. Ukichanganya hayo na alama ambayo haipo tena, umempa rubani kazi ya kubahatisha.

Wakongwe wa hapa hatujasahau tarehe 18 Desemba 2013. Mchana kweupe ndege kubwa aina ya Boeing 767 iliyotoka Addis Ababa kwenda KIA, kiwanja cha kimataifa cha Kilimanjaro, ikiwa na watu zaidi ya 200, ilitua kwetu Kisongo. KIA ipo kama kilomita 50 mashariki na njia yake ya kurukia ina kilomita 3.6, yetu haikufika hata nusu ya hiyo. Ndege ikaishia kwenye majani, magurudumu yakazama, abiria wakakaa ndani kwa saa kadhaa kwa kuwa ngazi ya kuwashusha kutoka kimo kile haikuwepo. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Sisemi ramani ndiyo iliyokosea siku ile. Ninalosema ni kwamba njia za viwanja hivi viwili zimelala upande mmoja, zote 09 na 27, yaani mashariki na magharibi, na jicho likishatarajia kuona njia ya ndege mbele yake, litaipokea yoyote itakayotokea. Basi ramani yetu iseme hilo kwa herufi kubwa: jirani yupo, amelala kama sisi, mtofautishe kwa hiki na hiki.

Ndiyo maana naandika sasa, kabla ya AFCON 2027, kombe la soka la mataifa ya Afrika. Olmoti, hapa Arusha, kuna uwanja wa mpira wa watazamaji 30,000. Hiyo ni alama ambayo hata mgeni hawezi kuikosa, na kwa rubani aliye chini sana ni kikwazo pia. Watakuja marubani wasiomjua mtu hapa, wakileta mashabiki na watalii kwa ndege za kukodi. Hawatakunywa chai na mimi.

Taarifa rasmi za viwanja hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mabadiliko makubwa hutangazwa kwa mzunguko wa siku 28 unaofuatwa dunia nzima. Utaratibu ni mzuri. Ombi langu ni la chini zaidi ya hapo, la vumbi kabisa: wachoraji waje Kisongo, wapande ndege ndogo na marubani wa hapa, mara moja mwezi wa nne wakati uwanda ni kijani na mara nyingine mwezi wa tisa ukiwa kahawia. Alama inayoonekana nyakati zote mbili ndiyo ibaki. Mti, shamba, bwawa la msimu, vyote vitolewe. Na majina yawe yale yanayotamkwa na watu, maana nimewahi kuripoti juu ya mahali ambapo mimi na mwongoza ndege kila mmoja alipaita jina lake, tukapoteza dakika nzima hewani tukitafuta kuelewana.

Halafu kuna minara ya simu. Anayejenga kitu kirefu karibu na kiwanja anatakiwa kuwa na kibali cha mamlaka ya anga, lakini mnara wenyewe husimama ndani ya siku chache. Mtendaji wa kata huuona siku ya kwanza, mafundi wakiwa bado wanachimba shimo. Apewe namba ya kupiga.

Ramani mpya ikitoka, ibandikwe kwenye kila chumba cha marubani, na ya zamani ichanwe mbele ya watu. Nakala hazifi zenyewe. Ya kwangu imeishi kuliko shamba.

Ile karatasi nimemnyang'anya kijana, iko mezani ninapoandika. Nilimwelekeza upya kwa mdomo, barabara, uwanja wa mpira, kona. Akatoa kalamu. Nikamwomba airudishe mfukoni.

Rubani mstaafu,
Sakina, Arusha