Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu

Walimu wenzangu, hamjambo.

Hesabu atazisoma mhazini, sitamtangulia. Rambirambi zilitolewa kwa wakati, na wenye mikopo iliyochelewa wanajijua.

Kilichotushughulisha zaidi mwaka huu ni kazi za ualimu Marekani. Mliuliza kwa nini shule za Montana au Alaska zitafute mwalimu hadi ng'ambo. Sababu kubwa ni umbali. Mji wa Glasgow, Montana, uko zaidi ya kilomita 400 kutoka Billings, mbali kuliko hapa na Nairobi, na ndege ziendazo huko hubeba abiria tisa. Hata hizo zinaruka kwa sababu serikali inalipia: mwaka 1978 mashirika ya ndege yalipoachiwa yajichagulie njia na nauli, ruzuku iliwekwa ili miji midogo isitupwe. Alaska ndiyo zaidi. Vijiji vingi havina barabara ya kutoka wala kuingia. Mwalimu hufika kwa ndege ndogo pamoja na barua na vyakula, na hali ya hewa ikichafuka hakuna kwenda popote. Mliowahi kupangiwa Mandera mnanielewa.

Basi ukipata barua ya kazi, kabla ya kushangilia mshahara, uliza ni nani anayelipa tiketi ya kukufikisha mjini kwenyewe, na ya kurudi nyumbani ukifiwa.

Kuhusu viza: J-1, yaani viza ya mabadilishano, kwa walimu ni ya miaka mitatu, inaweza kuongezwa miwili, na inataka digrii pamoja na angalau miaka miwili ya kufundisha. Vijana waliomaliza chuo juzi wasidanganywe. Nayo H-1B, viza ya kazi ya wataalamu, agizo la Septemba 2025 liliwekea ombi jipya la mtu aliye nje ya Marekani ada ya dola 100,000. Shule gani ya mashambani itazitoa? Ajenti wa kutafuta kazi anayekuahidi viza hiyo kwa urahisi, mimi ningemkimbia.

Walioajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, wasiondoke bila ruhusa ya maandishi.

Kamati haikukubaliana kuhusu mikopo ya safari. Wengine waliona tunawafungia watu riziki. Walio wengi, nami nikiwemo, tunapendekeza chama kisimkopeshe mtu pesa za ajenti mpaka mkataba uliotiwa saini na shule yenyewe uonekane. Nakala za pendekezo ziko kwa katibu. Tutapiga kura baada ya chakula cha mchana.