Mashirika ya ndege yakiungana, suala la orodha ya marubani limalizwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Kila mashirika mawili ya ndege yanapotangaza kuungana, kurasa za biashara hujaa thamani ya hisa, idadi ya ndege na hofu ya nauli kupanda. Marubani hutajwa aya ya mwisho, tena kama watu wenye mishahara minono wanaogombania vyeo. Mimi ni rubani na ni mwanachama wa chama cha marubani. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini vyama vyetu hupaza sauti mapema, kabla hata mkia wa ndege haujapakwa rangi mpya.

Mhasibu mwenye miaka ishirini kazini akihamia kampuni nyingine, uzoefu wake unahama naye. Rubani hana bahati hiyo. Katika mashirika mengi makubwa, tarehe uliyoajiriwa ndiyo inayokupa namba kwenye orodha ya ukongwe, na namba hiyo haivuki geti la shirika. Kapteni mwenye maelfu ya saa angani akienda kwingine huanza mkiani, nyuma ya kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita.

Namba hiyo ndiyo inayoamua utarusha ndege ya aina gani, utaketi kushoto kama kapteni au kulia kama msaidizi, kituo chako kitakuwa mji gani, na likizo yako itaangukia mwezi upi. Ratiba ya mwezi ikifunguliwa, wa juu huchagua kwanza. Wa chini hupewa kilichobaki: safari za alfajiri, sikukuu, na zamu za akiba, ambapo unakaa begi limefungwa, sare imepigwa pasi, simu mkononi, ukisubiri kuitwa au kutoitwa. Na hali ya biashara ikiwa mbaya, kupunguza watu huanzia chini kupanda juu. Marubani wawili wanaweza kuwa na leseni moja na uzoefu uleule, lakini mmoja akiwa namba 600 na mwenzake namba 900 katika orodha ya watu 1,000, mtikisiko ukija ni huyo wa pili anayerudi nyumbani.

Najua wapo wanaosema mfumo huu unazawadia umri badala ya ujuzi. Hoja hiyo naiheshimu, ila haijui kazi yetu inavyokwenda. Ujuzi wa rubani hupimwa kila mwaka, mara nyingi zaidi ya mara moja, ndani ya simuleta, mashine inayoiga urushaji wa ndege, na mbele ya mtahini. Ukishindwa hurushi, hata uwe namba moja. Ukongwe kazi yake ni nyingine. Unamnyima meneja uwezo wa kumpandisha rubani anayekubali kila kitu na kumwadhibu yule anayekataa. Kapteni anayesema "ndege hii ina hitilafu, siendi nayo", au "nimechoka, si salama nirushe", anasema hivyo akijua kwamba kupanda kwake hakutegemei kumfurahisha mtu ofisini. Abiria aliyeketi safu ya nyuma hanijui wala hajui namba yangu, lakini uhuru huo unamlinda yeye kuliko unavyonilinda mimi.

Sasa chukua orodha mbili uzifanye moja. Unaweza kufuata tarehe ya kuajiriwa. Unaweza kufuata uwiano, yaani makapteni wa ndege kubwa wa pande zote wachanganywe kwanza, kisha wa ndege ndogo, kisha wasaidizi. Au unaweza kuwabandika wote wa shirika lililonunuliwa chini ya orodha ya mnunuzi. Hiyo ya tatu ni dhuluma waziwazi. Lakini hata zile mbili za kwanza zinauma. Shirika kongwe ambalo halijaajiri kwa miaka mingi lina wasaidizi wenye mvi. Shirika linalokua haraka lina makapteni vijana. Ukifuata tarehe, kijana anapoteza kiti alichokipata kihalali. Ukifuata uwiano, mwenye mvi anamwona mtu aliyeajiriwa juzi akiwekwa mbele yake.

Hayo ndiyo yaliyotokea Marekani baada ya US Airways na America West kuungana mwaka 2005. Pande mbili zilishindwa kukubaliana, suala likaenda kwa msuluhishi George Nicolau, ambaye alitoa uamuzi wake Mei 2007. Aliwaweka juu marubani takribani 500 wakongwe wa US Airways, akawachanganya waliofuata kwa uwiano, na wale wa US Airways waliokuwa wamesimamishwa kazi akawapeleka chini. Miongoni mwao walikuwamo watu walioajiriwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na sasa walikuwa nyuma ya wenzao wa America West wenye miezi michache tu kazini. Marubani wa US Airways ndio waliokuwa wengi kwa kura. Mwaka 2008 wakakiondoa madarakani chama kilichokuwa kikiwakilisha pande zote mbili, ALPA, wakaunda chama chao, USAPA, kwa lengo la kudai orodha ya tarehe. Kesi zikafuatana. Makundi mawili yakaendelea kuruka chini ya jina moja yakiwa na mikataba miwili, na wale wa upande wa US Airways wakabaki kwa miaka na viwango vya mishahara vilivyokubaliwa wakati shirika limefilisika. Orodha moja ya mwisho ilipatikana mwaka 2016, baada ya shirika lenyewe kuungana tena, safari hii na American Airlines. Miaka kumi na moja. Wapo waliostaafu wakiwa bado hawajui namba yao.

Nani alifaidika? Si marubani wa upande wowote. Mwajiri anayezungumza na makundi mawili yanayochukiana hana haraka ya kuongeza mshahara wa mtu.

Kisa cha TWA, shirika jingine la Marekani, kinaniuma zaidi, kwa sababu pale kinga ilikuwapo na ikavuliwa. American ilipoinunua TWA mwaka 2001, TWA ikiwa mahakamani kwa kufilisika, mkataba wa marubani wake ulikuwa na kifungu cha kuwalinda katika muungano. Wakabanwa wakiachie ili mauzo yapite, wakakiachia. Walichopata ni orodha iliyowaweka zaidi ya nusu yao chini ya marubani wote wa American. Wahudumu wa ndege wa TWA walipelekwa chini wote. Kisha ikaja Septemba 11, usafiri wa anga ukaporomoka, na kupunguza watu kukaanza pale pale kunakoanzaga, chini. Kufikia mwaka 2003 wahudumu waliotoka TWA walikuwa wamesimamishwa kazi wote. Mwaka 2011 baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani (jury) lilikubali kwamba ALPA, ambacho pia kilikuwa chama cha marubani wa TWA, hakikuwawakilisha inavyopasa, na mwaka 2014 kesi ikamalizwa kwa dola milioni 53. Fedha hizo hazikumrudishia mtu hata mmoja namba yake.

Jeraha hilo ndilo lililozaa sheria ya McCaskill-Bond, iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2007 na kupewa majina ya maseneta wawili wa Missouri, jimbo ambalo TWA ilikuwa na kituo chake kikuu. Sheria hiyo inataka orodha ziunganishwe kwa haki na usawa, na pande zikishindwa kukubaliana, suala liende kwa msuluhishi. Ni hatua nzuri. Lakini isomwe vizuri: inalinda nafasi yako kwenye orodha, hailindi ajira yenyewe. Unaweza kupewa namba ya haki katika shirika ambalo limehamishia safari zako kwa kampuni tanzu yenye marubani wa bei rahisi. Ndiyo maana vyama hung'ang'ania pia kifungu kinachosema kwamba safari zinazouzwa kwa jina la shirika zirushwe na marubani walio kwenye orodha ya shirika. Bila kifungu hicho, mmiliki wa mashirika mawili anaweza kuyashindanisha miaka nenda rudi: ndege mpya zinakwenda upande uliokubali mshahara mdogo, na upande mwingine unanyauka taratibu.

Tatizo si la Marekani peke yake. India iliunganisha Air India na Indian Airlines mwaka 2007, lakini watu wakaachwa bila kuunganishwa. Miaka mitano baadaye, Mei 2012, marubani wa Air India waligoma kwa karibu miezi miwili, na safari za kimataifa zikavurugika. Chanzo kilikuwa uamuzi wa kuwapeleka pia marubani waliotoka Indian Airlines kwenye mafunzo ya Boeing 787. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni wivu. Mimi naona ni deni la mwaka 2007: nani ataingia kwenye ndege mpya ni swali la orodha, na halikuwa limejibiwa.

Inawezekana kufanya vizuri. Delta na Northwest, nazo za Marekani, zilipoungana Oktoba 2008, mkataba mmoja wa marubani ulikuwa umeshakubaliwa kabla muungano haujakamilika, na ratiba ya usuluhishi ilikuwa wazi. Uamuzi wa orodha ulitoka Desemba mwaka uleule. Wapo walionung'unika, na sidhani kama kuna orodha isiyonung'unikiwa. Ila shirika lilisonga mbele kama shirika moja, na hilo ni faida hata kwa wenye hisa.

Kwa hiyo ombi letu kwa mamlaka zinazoidhinisha miungano ni hili: msitie saini kabla hamjaona utaratibu wa orodha ulioandikwa na kukubaliwa na vyama vya pande zote mbili, wenye msuluhishi huru na tarehe ya mwisho. Katika kipindi hicho pasiwe na rubani anayepunguzwa kazi kwa sababu ya muungano, wala anayeng'olewa kwenye kiti alichokuwa ameketi siku ya kutangazwa. Na kifungu cha ulinzi kimfunge mwajiri mpya kama kilivyomfunga wa zamani, hata akiwa amenunua kupitia mahakama ya ufilisi.

Wenzangu wa shirika linalonunua nao nawaambia. Mkiwa wengi kwa kura, mnaweza kuwabandika wenzenu chini na mkashinda leo. Halafu mtaingia chumba kimoja cha marubani na watu mliowafanyia hivyo, mtavaa sare moja, na siku moja anga likiwa baya mtahitaji msaidizi aliyeketi kulia aseme bila kusita kwamba umekosea. Na shirika lenu pia linaweza kununuliwa.

Rubani na mwanachama wa chama cha marubani