Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Ubongo haustaafu mtu akifika miaka 35

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Salaam. Naandika kuhusu sharti moja la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania: mwombaji asizidi miaka 35. Mwalimu wa cheti mwenye miaka 37, aliyejiendeleza mpaka akapata nafasi ya shahada, anakwama hapo kabla hajaulizwa ana uwezo gani.

Wengi wanaamini kichwa cha mtu mzima kimeshakauka. Samaki hukunjwa angali mbichi. Wanasayansi wa ubongo wamelipima jambo hilo. Mwaka 2011 Katherine Woollett na marehemu Eleanor Maguire walichapisha utafiti kuhusu watu 79 waliokuwa wakisomea udereva wa teksi London. Mtihani wenyewe si mchezo: mitaa kama 25,000 ikae kichwani, na maandalizi huchukua miaka mitatu hadi minne. Wastani wa umri wao ulikaribia miaka 40. Walipigwa picha za ubongo mwanzoni, na 59 kati yao wakapigwa tena baadaye. Kwa 39 waliofaulu, sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayotunza kumbukumbu za mahali, ilikuwa imeongezeka. Walioshindwa haikuongezeka. Na mwanzoni wote walikuwa sawa, hivyo huwezi kusema waliofaulu walizaliwa na vichwa vikubwa. Ni kusoma.

Sikatai, wepesi wa kushika mambo mapya hupungua na umri. Hupungua taratibu, wala hausubiri siku ya kutimiza miaka 36.

Labda basi hoja ni marejesho. Anayeanza shahada ya miaka mitatu akiwa na 37 anahitimu na 40, na mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na 60. Hiyo ni miaka 20 ya makato ya asilimia 15 ya mshahara. Tena wengi wa rika hilo wana mwajiri tayari, wakati kijana anayehitimu leo bado anazunguka na bahasha ya vyeti. (Nani hapo ni mdaiwa wa hatari?)

Nchi hii iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwa sheria ya 1992 ikaanzisha Chuo Kikuu Huria. Sharti hili linapingana na yote mawili.

Ombi langu: badala ya umri, itazamwe miaka ya kazi iliyobaki kulipa deni. Kama tatizo ni ufinyu wa bajeti, mwongozo useme hivyo, na mwenye miaka 37 apangwe foleni moja na wengine kwa kigezo cha uhitaji.

Wako,
Mlipakodi