Mnachokiita Kiwanja Kitupu Kina Nyumba Tatu

Kwa Meneja,
Ofisi ya Uwakala wa Nyumba na Viwanja,
Duka la kona, Majengo,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: TANGAZO LA KIWANJA LILILOBANDIKWA KWENYE KIOO CHENU

Assalaam aleikum.

Nianze kwa kuwapa haki yenu. Duka mlilolichukua lilikuwa limekaa bure tangu Mshihiri aliyekuwa akiuza humo kufunga biashara. Panya walizaana ndani, taka zikarundikwa mlangoni, na usiku hapakupitika. Mlipokuja na mafundi, mkapaka rangi na kutia kioo, mtaa ulifurahi. Wengine tuliomba Mungu liwe duka la dawa, maana sasa hivi mtu akiumwa na kichwa usiku hana budi kuvuka Barabara ya Jomo Kenyatta. Lakini mpangaji ni mpangaji, alipaye kodi ndiye achaguaye biashara yake. Kwa hilo sina neno.

Neno langu ni tangazo la tatu kutoka kushoto.

Mmeandika: "Kiwanja kitupu, tayari kwa ujenzi, Majengo, karibu na barabara kuu." Picha imepigwa kutoka juu ya ghorofa la jirani, kisha ikakatwa kwa ustadi, ila hamkukata vya kutosha: pembeni yaonekana ncha ya paa la mabati. Paa lile nalijua. Ni la nyumba ya bi mkubwa mmoja mjane, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na ua wa nyuma wenye mwarobaini. Baadhi ya vyumba amepangisha, na kodi hiyo ndiyo inayomlisha. Ubavuni mwake pana nyumba mbili nyengine za watu. Hicho kitupu chenu kina nyumba tatu, na leo usiku kuna watoto watalala humo.

Huenda nyinyi mmetoka miji isiyokuwa na mambo haya, basi nieleze. Hapa Majengo, kama ilivyo Likoni na Kisauni, kuna watu wengi wenye nyumba lakini hawana ardhi. Mwenye kiwanja ni mmoja, mwenye nyumba ni mwengine. Mwenye nyumba amejenga kwa pesa zake kwa idhini ya mwenye kiwanja, na hulipa kodi ya kiwanja akapewa risiti. Nyumba huirithisha, huiuza, huipangisha. Sheria iliyoletwa na Waingereza husema kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Desturi ya Pwani, iliyotokana na sheria ya Kiislamu, huitenga nyumba na udongo wake. Mambo hayo mawili yamevutana hapa tangu zama za ukoloni, na Serikali ilipotunga sheria ya hati za ardhi za Pwani mwaka 1908 mvutano haukwisha. Bi mkubwa wangu amezihifadhi risiti zake kwenye mkebe wa biskuti, nyengine ni za marehemu mumewe.

Sasa mnunuzi wenu atafanya nini? Atakwenda kwenye msajili wa ardhi kufanya sachi, yaani kutazama daftari lasema ardhi ni ya nani, kama wanavyofanya watu waangalifu. Sachi itamwonyesha jina la mwenye kiwanja, na jina hilo litakuwa sahihi. Nyumba hazimo. Mwenye nyumba hamo. Atarudi kwenu ametulia, atoe pesa zake, halafu siku ya kuja na fundi wa kupima atakuta nguo zimeanikwa na watu wanapika. Hapo kutazuka kesi ambayo mimi na nyinyi twajua haimaliziki mwaka mmoja, na akitaka kuwaondoa watu kwa nguvu atakumbana na Sheria ya Ardhi, ambayo tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016 yataka ilani ya maandishi isiyopungua miezi mitatu hata kwa mtu anayedaiwa kukaa bila haki yoyote. Na hawa si wavamizi, ni walipaji wa kodi ya kiwanja. Msiseme basi kwamba nawatetea majirani peke yao. Huyo mteja wenu mnayemficha paa ndiye atakayeumia wa kwanza.

Nilikuja ofisini kwenu nikalisema hili kwa mdomo. Kijana aliyekaa mezani alinisikiliza kwa adabu, kwa hilo namshukuru. Kisha akaniambia kwamba nikitaka maelezo ya kiwanja hicho nilipe kwanza ada ya kutazama. Bwana Meneja, kiwanja hicho nakitazama kila nifunguapo dirisha langu. Nilipomweleza hivyo alisema wao huweka walicholetewa na mwenye mali, mengine hawaulizi.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wakala asiyeuliza analipwa kwa kazi gani? Katiba ya 2010, Ibara ya 46, yampa mnunuzi wa bidhaa au huduma haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nayo kikamilifu. Na Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, haimruhusu mtu kufanya kazi hii ila awe amesajiliwa na bodi. Nimeangalia kuta zenu zote, kuna picha ya bahari, kalenda na saa. Cheti sikukiona. Huenda kimo kwenye droo, basi kitoeni.

Jueni pia mmeingia mtaani wakati gani. Watu hapa waliona nyumba za zamani za Buxton zikivunjwa mwaka 2021 na maghorofa yakisimama mahali pake. Mambo ya Buxton yana hesabu zake, na ardhi ile ilikuwa ya umma, lakini tangu siku hizo mtu akionekana na futi ya kupimia uchochoroni, akina mama hutoka nje kuuliza. Juzi mlileta wateja, mmoja akapanda na viatu kwenye baraza ya bi mkubwa, akapima hadi mlangoni bila kubisha hodi. Yeye alikuwa ndani anaswali. Usiku ule shinikizo la damu lilimpanda, wajukuu wakamkimbiza hospitali kwa tuktuk.

Kuna na madogo. Maji ya mashine yenu ya baridi yanadondoka uchochoroni, watoto wanaokwenda madrasa wanateleza. Mpira mmoja na ndoo yatosha. Na ile baraza ya duka mliyoizungushia vyuma ndiyo iliyokuwa ya wazee kunywa kahawa baada ya Alasiri. Sijui kama mwenye jengo aliwapa ruhusa hiyo. Wazee wamehamia kwenye hatua za nyumba ya jirani, wanapigwa na jua.

Ninachotaka ni hiki. Tangazo litolewe kesho. Mkitaka kulirudisha, liandikwe kwamba juu ya kiwanja pana nyumba tatu zenye wenyewe wanaolipa kodi ya kiwanja, na picha ionyeshe hizo nyumba. Kabla ya mtu wa nje kuonyeshwa, wenye nyumba waulizwe kama wao wataweza kukinunua, hata kwa kuchanga na kulipa kidogo kidogo, wapo watakaoweza. Mteja asitozwe ada ya kutazama kabla ya kuelezwa hali ilivyo. Cheti chenu kitundikwe mahali pa kuonekana. Na mtume mtu mzima, si yule kijana, akamwombe radhi bi mkubwa nyumbani kwake.

Nawapa siku kumi na nne tangu kupokea barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka kwa bodi ya usajili pamoja na picha ya dirisha lenu, ambayo nimeshaipiga na tarehe yake yaonekana. Jibu nalitaka kwa maandishi, lenye mhuri wa ofisi.

Wenu,
Jirani wa mkabala,
Majengo, Mombasa.

Nakala: Mzee wa mtaa
Mwenye jengo la duka