Matangazo ya mnada wa nyumba yaseme yote

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu minada ya nyumba za kuishi zinazodaiwa kodi ya pango la ardhi, yaani kodi ya kila mwaka ya kumiliki kiwanja. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa tunaponunua umeme wa LUKU, na wapo wanaodhani wamemaliza, kumbe pango la ardhi ni deni jingine. Siku dalali anapofika, mwenye nyumba anashtuka.

Mnunuzi naye hana salama. Tangazo hutaja kiwanja, kitalu na saa, basi. Kwa kawaida hutakiwa kulipa robo ya bei papo hapo, na iliyobaki ndani ya siku chache. Akienda Nkuhungu au Chang'ombe, hapa Dodoma, na funguo mpya, anakuta familia ndani, pengine na benki yenye rehani. Jirani yangu aliweka kiinua mgongo chake chote kwenye nyumba ya mnada. Hadi leo anaishi nyumba ya kupanga.

Naiomba Halmashauri ya Jiji la Dodoma ihakikishe kila tangazo linabandikwa ofisi ya mtaa, likitaja deni lote, rehani na wanaoishi humo. Wanunuzi nao waanzie kwa Msajili wa Hati, anayetunza kumbukumbu za umiliki na rehani, kabla ya kupandisha bei.

Msomaji wako,
Ipagala, Dodoma