Njiani, lakini mguu upi?

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mawakala wa tiketi, pamoja na wenzangu wanaopeleka wazazi India kutibiwa.

Mwaka jana nilimsindikiza baba Chennai. Goti lake la kushoto halikunjiki tangu alipogongwa na bodaboda. Wakala alituuliza swali moja tu: "Dirishani au njiani?" Nikasema njiani, nikajiona mjanja. Tukapewa 34C.

Kiti cha njiani kweli, ila njia yenyewe ilikuwa kuliani kwake. Mguu mzima ukapata pa kujinyoosha, mbovu ukabaki ndani, umegota kiti cha mbele. Mpaka Ghuba ni saa tano na ushee. Mzee alikaa kiubavu muda wote, na kila toroli la chakula likipita anajikunyata. Mimi nilikuwa safu nne nyuma, maana kukaa pamoja nako kulikuwa na bei yake. Kiti cha magurudumu tulikuwa tumeomba, tukadhani tumemaliza. Kumbe hicho kinakufikisha kwenye ndege tu. Utakapokaa ndani ni ombi jingine.

Kwenye ndege zenye viti 10 kwa safu, yaani 3-4-3 (kutoka kushoto ukitazama mbele: ABC, njia, DEFG, njia, HJK), mguu wa kushoto usiokunjika unataka D au H. Wa kulia unataka C au G. Ndiyo hesabu yote hiyo, na sikuambiwa na mtu.

Wapo watakaokushauri ukae kwenye mlango wa dharura kwa kuwa pana nafasi. Mgonjwa haruhusiwi pale: anayekaa hapo lazima aweze kufungua mlango. Safu ya mbele, ile inayotazama ukuta, nayo ina mambo yake. Meza mara nyingi imefichwa kwenye mkono wa kiti, kwa hiyo mkono haunyanyuki, na mkoba wa dawa unapandishwa juu wakati wa kuruka na kutua. Mwenye kisukari aweke kitu cha kutafuna mfukoni mapema.

Marekani jambo hili limeandikwa. Kanuni zinazotokana na sheria yao ya mwaka 1986 zinasema abiria mwenye mguu usiokunjika apewe safu ya mbele au kiti chenye nafasi zaidi, upande wa njia unaoufaa mguu wake, katika daraja lilelile alilolipia, bila kutozwa. Zinayabana hata mashirika ya nje yanayoruka kwenda au kutoka huko. Upande wa njia, Mhariri! Kuna mtu alikaa akaufikiria.

Kurudi tulikuwa tumeerevuka. Daktari wa huko alijaza fomu ya afya ya shirika, ile waiitayo MEDIF, tukaituma siku tatu kabla. Alituonya pia juu ya damu kuganda mguuni, maana hatari huongezeka ukikaa zaidi ya saa nne bila kusogea, na goti ndiyo kwanza limepasuliwa. Akamvisha soksi za kubana, akaagiza asimame kila baada ya muda. Tukapewa 29H na 29J, baba njiani, mimi ubavuni pake. Hatukudaiwa hata senti.

Fomu hiyohiyo ingeweza kujazwa hapa kabla hatujaondoka. Wakala angetakiwa kuuliza tu kama msafiri ni mgonjwa, na anaumwa wapi.

Msomaji wako,
Tanga